Suruali ya Mkweo

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba. Natumaini karatasi hii inakufikia ukiwa umeketi vizuri na lile goti limetulia. Mama aliniambia kwamba jicho ulilofanyiwa upasuaji sasa linaona mpaka uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi. Nilifurahi, ingawa nilijua anatia chumvi. Je, bado unatumia yale matone asubuhi na jioni, au umeshaamua mwenyewe kwamba umepona? Na Kaka anafika kukuona, au ni mtu wa simu tu siku hizi? Mwambie Mama dawa ya presha ni ya kila siku, si ya siku anayojisikia vibaya. Sisi huku ni wazima, tunakula na tunalala. Wajukuu zako wanasoma. Yule mdogo amengʼoka meno mawili ya mbele na anaongea kama anapuliza chai ya moto, lakini kuongea hajapunguza.

Ningeweza kukupigia simu. Nimeishika mara tatu wiki hii. Najua ukishaitika tu nitakuuliza habari za goti, nitakwambia sisi wazima, kisha nitakata. Ndiyo maana naandika. Jirani yetu wa chumba cha pili anasafiri kesho Alhamisi kuja huko, na ameniahidi kukupa bahasha hii mkononi kabla ya Jumamosi. Jumamosi mkweo anakuja kwako. Atakuwa na mfuko, na ndani ya mfuko kuna suruali yake ya kikosi. Atakuomba uikague halafu utie sahihi kwenye karatasi. Nakuomba usitie sahihi kabla hujasoma barua hii mpaka mwisho, hata kama Mama atakuita chakula kinapoa.

Unajua mkweo ni mtu wa ngazi. Miaka kumi na minne yuko zimamoto, na muda wote huo amekuwa yule anayepanda kwanza. Wenzake wanamwita Jenereta kwa sababu ya kukoroma. Wanasema akilala bwenini hata kengele ya moto haisikiki. Mwanzoni mwa mwaka kituo kilipata mkuu mpya, na mkuu mpya akaja na kanuni zake. Mtu wa ngazi kiuno chake kisizidi sentimita mia na mbili, na apande mpaka ghorofa ya tatu akiwa na mpira wa maji begani bila kusimama. Mkweo alipimwa akakutwa na mia na tisa. Akapewa miezi sita. Akishindwa, anaondolewa kwenye ngazi na kuwekwa chumba cha simu, akipokea taarifa za moto ambao watauzima wengine. Wewe utasema kazi ya kukaa kitini ina ubaya gani. Kwake ni kuzikwa huku anapumua, na alinieleza hivyo hivyo siku ileile aliyopimwa, viatu vikiwa bado miguuni.

Kikosi kina zahanati ndogo na muuguzi mmoja, mama mfupi asiyecheka ovyo. Yeye ndiye anayeshika tepu. Alimwambia mkweo apunguze sahani yake kwa theluthi moja, nusu ya kinachobaki iwe mboga, sukari itoke kwenye chai, atembee, alale vya kutosha, na kila baada ya wiki mbili arudi apimwe. Mkweo akamuuliza ni chakula gani kinachofaa umbo kama lake. Muuguzi akamjibu kwamba umbo linaonyesha mafuta yamekaa wapi tu, halichagui chakula. Mnene na mwembamba wote wanapunguza mafuta kwa njia moja, kula pungufu ya kile mwili unachotumia, na kinachotofautiana ni ugonjwa alio nao mtu, kazi yake, na chakula anachoweza kukivumilia mwaka mzima. Mkweo alirudi nyumbani amenuna. Alisema ni ushauri wa kugawia umati, na kwamba mtu mzima hawezi kupewa maneno yaleyale wanayopewa wote. Nadhani alitaka dawa yake peke yake, yenye jina lake.

Akaipata kwa Profesa. Huyo ni mwalimu wa mazoezi, ana ukumbi nyuma ya duka la matairi, na jina hilo kajipa mwenyewe. Ukutani amechora watu watatu kwa rangi ya mafuta: Fito, Nguzo na Pipa. Ukifika anakuambia uzungushe kidole gumba na cha kati kwenye kifundo cha mkono wako mwingine. Vidole vikipitana wewe ni Fito, vikigusana ni Nguzo, visipofikiana ni Pipa, na kila mmoja ana karatasi yake ya chakula. Vidole vya mkweo vilikosana kwa upana wa punje ya maharage. Akapewa karatasi ya Pipa: mchana kutwa asiguse wali, mkate wala viazi, asubuhi mayai manne ya kuchemsha, mchana kabichi na nyama isiyo na mafuta, jioni kabichi tena. Mimi nilikuwa nimemsindikiza tu, lakini Profesa akanishika mkono, akanipima na mimi. Vidole vyangu vilipitana vizuri sana. Akasema mimi Fito nile chochote ninachotaka, mwili wangu ni tanuri. Baba, nakiri niliona fahari kidogo.

Jambo jingine alilosema Profesa ni kwamba mkweo asikaribie mizani wala tepu. Alieleza kwamba misuli ni mizito, mizani inavunja watu moyo, na tepu ya zahanati imelegea kwa kuvutwa na kila mtu. Mwili unapimwa kwa nguo. Vaa suruali ileile, ingiza vidole kiunoni, hesabu. Siku ngumi nzima itakapoingia kati ya tumbo na suruali, umefika mia na moja na hakuna wa kukubabaisha. Na kwa kuwa suruali ya kikosi haivaliwi na mkanda, inashikwa na kanda mbili za mabegani, njia hiyo ilimfaa kabisa. Suruali zake mbili za kikosi nilizishona mimi.

Basi nyumba ikawa na vyungu viwili. Kimoja cha Pipa, kimoja cha Fito na watoto. Wiki sita za mwanzo mambo yalikwenda. Vidole viwili viliingia kiunoni, akawa anaimba bafuni na kuwataja watu kwa maumbo yao. Mwenye nyumba alikuwa Nguzo iliyoanza kupinda. Wewe alikuweka kwenye Fito, akasema ndiyo maana vijiko vinne vya sukari havijakufanya kitu, na Mama akamweka Nguzo kwa heshima tu. Tulicheka, tena tulicheka kweli. Wenzake wawili wenye vifundo vinene wakamfuata kwa Profesa na kuchukua karatasi ya Pipa.

Wiki ya saba vidole vilikuwa viwili. Ya nane, viwili. Ya tisa vikawa kimoja na nusu. Profesa alimwambia anadokoa chakula kwa siri, na mkweo hakuwa anadokoa, mimi ndiye ninayejua sufuria zangu. Akajipunguzia mayai. Kichwa kikawa kinamuuma, akagombana na mtoto wa miaka saba kwa sababu ya ganda la mkate. Jioni alikuwa anakaa ukingoni mwa kitanda akiwa amevaa ile suruali, mkono kiunoni, haongei. Nikimwita aje kula anakuja, anakaa mbele ya kabichi yake, na anaitazama sahani yangu ya wali bila chuki yoyote. Angekuwa na chuki ningejua la kusema. Nikaanza kula jikoni, nimesimama, nimeelekea ukutani, kabla hajarudi.

Wiki ya kumi vikaingia vidole vitatu. Sijui nikueleze vipi jinsi nyumba ilivyobadilika. Alinibeba, Baba, mtu mzima mwenye watoto watatu, akanizungusha sebuleni. Baada ya hapo vikawa vinne. Akasema mwili umefunguka, akarudisha mayai. Kisha akaongeza wali kidogo jioni, kwa kuwa sasa tanuri linawaka. Kisha mkate. Mwezi wa tano ngumi iliingia. Profesa alimpiga picha akiwa ameishindilia kiunoni, akaibandika ukutani pembeni ya mchoro wa Pipa, watu wakawa wanakuja kuitazama.

Siku ya kupimwa aliondoka amenyoa ndevu. Muuguzi akazungusha tepu, akasoma mia na saba. Mkweo akaomba arudie. Ikasoma mia na saba. Mara ya tatu mia na saba na nusu, kwa sababu sasa alikuwa anahema. Wakampeleka kwenye ngazi. Alipofika ghorofa ya pili alisimama, akakumbatia kidato, hakuweza kupanda wala kushuka, na wenzake wawili walipanda wakamteremsha kama godoro. Yeye anasema ni hasira ya ile tepu ndiyo iliyomkata pumzi. Mimi sikuwepo. Mmoja wa waliomteremsha aliniambia midomo yake ilikuwa imebadilika rangi.

Tangu siku hiyo ana shauri. Ameandika malalamiko kwamba muuguzi alimpima vibaya makusudi kwa sababu alikataa ushauri wake, na ushahidi ni suruali. Wale wenzake wawili wa karatasi ya Pipa wametia sahihi. Muuguzi amezuiwa kumpima mtu yeyote kiuno mpaka kamati ikae Jumatatu, na wanasema malalamiko yakikubaliwa ataondolewa kituoni kabisa. Mkuu wa kituo alisema maneno ya mke wa mlalamikaji hayawezi kupokelewa, hata kama mke huyo ni fundi. Lakini akauliza kama yule mzee aliyeshona sare za kwanza za kikosi bado yu hai. Akaambiwa yu hai, tena ni baba mkwe. Akasema baba mkwe au si baba mkwe, huyo mzee hajawahi kuiongopea nguo. Akiikagua suruali na kuandika kwamba iko kama ilivyoshonwa, basi tepu ndiyo yenye makosa, na Jenereta anarudi kwenye ngazi siku hiyohiyo. Ndiyo safari ya Jumamosi.

Mkweo alikuja kuniuliza mimi kwanza. Nilikuwa napiga pasi sare za watoto. Akauliza kama tangu niishone ile suruali nimewahi kuigusa. Nikamwambia sijaigusa. Akasema alijua, alitaka tu kuwa na uhakika, akanishukuru. Nikaendelea kupiga pasi. Kola ya tatu ndiyo iliyoungua.

Jana nilikwenda zahanati, nikasema kichwa kinauma. Muuguzi anaruhusiwa bado kupima presha na kugawa dawa. Vikombe vyake vilikuwa vimeshafungwa kwenye magazeti, ndani ya boksi. Akanipima presha. Akarudia. Akasema yangu iko juu kuliko ya mume wangu, akaniuliza ninakula nini. Nikamwambia ninakula chochote, mimi ni Fito. Hakucheka. Alisema hayo maumbo yamempa mmoja karatasi ya mateso na mwingine ruhusa ya kujiumiza. Nikamuuliza, kama mtu anayeulizia habari za jirani, kwa nini mwili unapungua wiki sita halafu unagoma. Akasema hakuna kugoma. Mwili ukipungua unahitaji kidogo kuliko mwanzo, inamtokea karibu kila mtu, mnene au mwembamba, na ndiyo maana alitaka mkweo arudi kila wiki mbili. Wangekaa dakika kumi, wakaangalia sahani, wakarekebisha. Alisema mtu akijua amekwama, huo ndio wakati wa kumsaidia. Asiyejua amekwama hasaidiki. Nikachukua vidonge vyangu, nikashukuru, nikaondoka.

Baba, niliachia mshono.

Ulinifundisha kuacha akiba ya inchi moja na nusu kila upande nyuma ya suruali ya mwanamume, kwa sababu mwili wa mtu haukai mahali pamoja. Nilitumia hiyo akiba. Mara ya kwanza ilikuwa ile wiki ya kumi, asubuhi, yeye yuko kazini. Nilifumua kwa kiwembe, nikasogeza nusu sentimita, nikashona kwa uzi uleule na sindano ya namba ileile, nikapitisha kitambaa chenye siki juu ya alama ya zamani na kupiga pasi mpaka ikafutika. Suruali zote mbili. Ilinichukua muda mfupi kuliko kupika maharage. Nilijiambia ni mara moja, apumue. Nimefanya mara kumi na moja, mpaka kitambaa kikaisha. Hakuna tumbo lililopungua baada ya wiki ya sita. Aliporudisha wali na mkate alikuwa anashangilia mkono wangu.

Nimejitahidi kukuandikia kwamba nilifanya kwa huruma. Huruma ilikuwepo wiki ya kwanza. Baada ya hapo nilikuwa nataka tu kula nimekaa, mezani, na mume anayeongea. Hilo ndilo nililolinunua kwa pumzi yake. Kila nikifikiri alivyokumbatia kile kidato nangoja nilie, na silii. Nakata vitambaa, nahesabu vifungo, nakwenda sokoni, watu wananisalimia naitikia. Ni kama mkono uliolaliwa, najua ni wangu lakini sihisi kitu. Kinachonitisha ni hicho, kuliko hata kamati.

Yeye sasa anasema hata akirudi ngazini hana haja tena ya kujipunguza, kwa kuwa mwili wa Pipa ni wa laana, unaitii suruali na kuikataa tepu. Ameanza kuweka sukari kwenye chai. Kati yetu wawili ni yeye asiyejua kwa nini alishindwa, na anaulaumu mwili wake, ambao haukumkosea chochote.

Juzi nilikuandikia barua nyingine. Ilikuwa fupi kuliko hii. Nilikuomba utie sahihi. Nimeichana.

Keshokutwa Ijumaa, watoto wakienda kwa shangazi yao, nitamwambia. Nasema nitamwambia, lakini nimeshasema hivyo siku nne mfululizo. Kwa hiyo mkweo akigonga mlango wako Jumamosi, mambo ni mawili: ama nimeshindwa kumwambia, ama ameambiwa na bado ameamua kuja. Vyovyote vile usitie sahihi. Wakimrudisha juu, safari ijayo hatakwama siku ya majaribio, atakwama siku ya moto, na kuna mtu dirishani anamngoja. Ndani ya bahasha hii utakuta karatasi ya pili. Hiyo ni ya mkuu wa kituo, nimeeleza yote na kutia sahihi yangu. Kama nitakuwa sijamwambia, mwonyeshe kwanza mshono, halafu mpe aisome mbele yako. Asiisome njiani peke yake.

Na kuna ombi moja la mwisho, nalo ndilo zito. Nakujua. Utaitandaza hiyo suruali mezani, utaiona mistari kumi na moja ya matundu ya sindano ikiwa imepangana nyuma, na kabla hujafikiri mkono wako utaanza kutafuta kiwembe. Wewe ndiye fundi pekee ninayemjua anayeweza kuirudisha ikawa kama haijawahi kuguswa, hata mimi nisigundue. Ungefanya hivyo kwa ajili yangu, ungemaliza kabla chai haijapoa, na usingenitajia mpaka unakufa. Usifanye, Baba. Iache nilivyoiharibu.

Msalimie sana Mama, mwambie nitakuja mwenyewe mwisho wa mwezi, kwa lolote litakalokuwa. Kaka na wifi wape salamu, na shangazi mwambie kitenge chake kiko tayari, nimekipima mara mbili. Wajukuu wanakuamkia. Ukimaliza kusoma, kunywa maji, ukae kidogo kabla ya kuinuka, kwa ajili ya goti. Nangoja neno lako, na hata ukikaa kimya nitaelewa.

Mwanao mtiifu,
binti yako wa pili, fundi